SOMO LA ROBO HII: Kuhesabu Safari Kabla ya Kuomba Barabara



Katika Luka 14:28-30 Bwana Yesu anatoa mfano wa mjenzi wa mnara aliyeanza kazi bila kupiga hesabu, naye akaishia kuchekwa. Kamati nyingi za maendeleo katika sharika na parokia zetu huanzia mahali pengine kabisa, yaani kwenye barua ya kuomba. Tunaomba kalavati, tunaomba gari la wagonjwa, tunaomba kliniki ya mkoba ifike kijijini. Mfadhili au halmashauri ikiuliza ni watu wangapi watanufaika, wanatoka wapi na sasa wanapita wapi, tunajibu: "Ni wengi." Somo hili linahusu namna ya kupata jibu lililo bora kuliko hilo. Wataalamu wa mipango hulitumia jina la modeli ya usafiri ya mkoa. Maana yake ni picha ya safari za watu iliyochorwa kwa hesabu, ambayo unaweza kuiuliza swali: tukitengeneza daraja hili, nani atabadili njia?

Watu wa Tabora wana sababu ya kulielewa jambo hili upesi. Wanyamwezi waliobeba mizigo kati ya pwani na Unyanyembe katika karne ya 19 walikuwa na modeli vichwani mwao. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora (wageni wa wakati ule walipaita Kazeh), kisha ikaendelea hadi Ujiji. Mpagazi hakuuliza kwanza umbali. Aliuliza maji yako wapi kiangazi hiki, chakula kinauzwaje, watawala wa Ugogo wanadai hongo kiasi gani, na nani anapigana na nani. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh Novemba, zaidi ya miezi minne, na sehemu ya muda huo ililiwa na mambo hayo hayo.

Mwaka 1871 vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora iliifunga njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji. Stanley alikuwa Kwihara wakati huo, akimtafuta Livingstone. Aliamua kuzunguka kusini kupitia porini, akafika Ujiji mwezi Novemba. Njia ndefu ilikuwa nafuu kuliko njia fupi. Hapo ndipo pana msingi wa modeli nzima: watu hawachagui njia kwa kilomita, wanachagua kwa gharama yote, yaani muda, nauli, hatari na jasho.

Sasa tuingie kazini. Modeli ya kawaida hujibu maswali manne kwa mfuatano: safari ngapi zinaanzia hapa, zinakwenda wapi, kwa chombo gani, na kwa njia ipi. Kwanza gawanya eneo lako katika sehemu ndogo. Mkoa wa Tabora una kilomita za mraba zipatazo 76,000, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.3. Huwezi kumfuata kila mmoja. Kata inatosha kuwa sehemu moja, na kwa eneo dogo tumia kijiji. Idadi ya kaya ipo katika takwimu za sensa, na mtendaji wa kijiji ana daftari la wakazi. Kisha ulizeni kaya chache katika kila kijiji: jana nani alitoka, alikwenda wapi, kwa nini, alitumia muda gani? Ukijua wastani wa safari kwa kaya moja, ukazidisha kwa idadi ya kaya, swali la kwanza limejibiwa.

Swali la pili ndilo linalowatisha watu, lakini hesabu yake ni ya shule ya msingi. Sehemu kubwa huvuta watu, umbali huwarudisha nyuma. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji kina magulio mawili. La kwanza lina meza 60 na liko mwendo wa saa 1. La pili lina meza 240 na liko mwendo wa saa 2. Chukua ukubwa wa gulio, ugawanye kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe. La kwanza ni 60 gawanya kwa 1, jibu 60. La pili ni 240 gawanya kwa 4, jibu pia 60. Basi katika safari 100 za gulioni, 50 zinakwenda huku na 50 kule.

Mvua ikaja. Mto ukajaa, na njia ya gulio la pili ikawa ya saa 3. Sasa ni 240 gawanya kwa 9, karibu 27. Jumla ni 87, na gulio kubwa linabaki na safari 31 tu kati ya 100. Zile safari 19 zilizopotea ndizo hoja yenu ya kalavati. Mkiandika namba hiyo katika maombi, pamoja na namna mlivyoipata, mwenye kusoma hatawajibu kwa kukunja barua. (Kuzidisha muda kwa wenyewe si amri ya Musa. Mahali pengine watu huogopa umbali zaidi, pengine kidogo. Mtajua mtakapolinganisha na hali halisi.)

Kwa swali la chombo, geuza nauli iwe muda. Tuseme, tena kwa mfano tu, kibarua wa shambani anapata shilingi 1,000 kwa saa. Bodaboda hadi hospitali ni shilingi 4,000, yaani saa 4 za kazi, ukiongeza nusu saa ya kupanda inakuwa saa 4 na nusu. Kwa miguu ni saa 3. Atatembea, na hesabu inasema hivyo kabla hujamwuliza. Lakini mama aliyeshikwa na uchungu hawezi kutembea saa 3, kwa hiyo kwake hesabu ya kibarua haifai. Modeli yenye aina moja tu ya msafiri humsahau yeye kwanza. Tengenezeni majedwali mawili, la wazima na la wagonjwa.

Nisimame hapa kidogo, maana ndipo modeli nyingi zinapowadhulumu maskini. Njia ya kawaida ya kupima barabara ni kukaa kando yake na kuhesabu vyombo vinavyopita. Barabara mbaya ina vyombo vichache. Mhesabuji anaandika kwamba haina wasafiri, fedha zinakwenda kwenye barabara ambayo tayari ni nzuri, na mwaka unaofuata hesabu inarudia jibu lile lile. Safari ambayo haikufanyika haihesabiki kandokando ya barabara. Itafuteni penginepo. Mkoa wetu una hospitali za makanisa zinazojulikana: Sikonge ya Wamoravian, Ndala ya Wakatoliki wilayani Nzega, Nkinga ya Wapentekoste wilayani Igunga. Hospitali na vituo vya afya huandika katika vitabu vya MTUHA mgonjwa anatoka wapi. Mwombeni mganga mfawidhi awape jumla ya kila kijiji bila majina ya wagonjwa, kisha mgawanye kwa idadi ya watu. Kijiji chenye wagonjwa wachache mno kwa kila watu 1,000 si lazima kiwe kijiji chenye afya. Angalieni kwanza kama kuna mto katikati.

Funzo jingine linatoka Makete, ambako mradi wa usafiri vijijini uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani ulianza miaka ya 1980. Walipouliza kaya, waligundua kwamba safari nyingi hazigusi barabara ya gari kabisa. Ni za maji, kuni, shamba na mashine ya kusaga, na mzigo mkubwa upo kichwani mwa mwanamke. Kwa hiyo mradi ulishughulikia pia njia za miguu, madaraja madogo, punda na mashine za kusaga zilizo karibu. Kisima kikichimbwa jirani, safari inafupika bila barabara hata moja kujengwa. Modeli yenu iwe na nafasi ya jibu la namna hiyo.

Baada ya hesabu, jaribuni. Siku ya gulio simameni njia panda mkahesabu baiskeli, bodaboda, mikokoteni ya ng'ombe na watembea kwa miguu. Modeli ikisema 200 nanyi mkaona 90, rekebisheni muda au idadi ya safari, msirekebishe mlichokiona. Fanyeni hivyo kiangazi na tena masika, kwani wilaya zenye mabonde ya Wembere na Malagarasi huwa na ramani mbili kwa mwaka.

Mjue pia mnampelekea nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na za wilaya ziko chini ya TARURA iliyoanzishwa mwaka 2017. Hesabu hizo mzirudie kila jambo kubwa linapobadilika. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, Ujiji iliachwa kando, ingawa iko kilomita chache tu kutoka Kigoma. Lami ya Nyahua hadi Chaya, kilomita 85, ilizinduliwa Mei 2022, na safari ya Manyoni si ile ya zamani. Mkataba wa reli ya kisasa ya Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021. Jedwali lililofanywa kabla ya mambo hayo ni la kuweka kwenye kumbukumbu.

Kwa majadiliano ya vikundi: Katika kijiji chenu, ni safari gani ambazo watu wameacha kuzifanya, na tangu lini? Nani hakuulizwa mlipoandika maombi ya mwisho ya barabara? Chukueni magulio mawili mnayoyajua, mfanye hesabu ya kiangazi na ya masika, kisha mleteni mtu anayekwenda huko kila wiki awaambie mmekosea wapi.