Kila Kitu na Mahali Pake: Taulo, Sahani na Chupa ya Mafuta ya Taa



Somo letu la toleo hili ni juu ya mambo yanayoonekana madogo: mahali pa kutundika taulo, mahali pa kuanika sahani, na mahali pa kuweka vitu vya hatari. Tunajua wengine watasema, "Hayo ni ya watu wa Milimani kule Kisumu, wenye bafu na vigae." Sisi hatukubali. Mwenye vyumba vitano anaweza kuificha fujo katika kile cha tano. Mama mwenye chumba kimoja na jiko, na watoto sita, ataificha wapi? Yeye ndiye anayehitaji misumari na fito kuliko mtu wa Milimani.

TAULO

Tuanze na taulo. Katika nyumba nyingi tunazozitembelea, kuanzia Kano mpaka Seme, taulo ni moja. Baba anaoga kwanza, anajifuta, anaitupa juu ya kiti. Kisha mama, kisha watoto kwa mstari. Jioni taulo imelowa na inanuka, na asubuhi mgeni akinawa mikono anapewa hiyohiyo. Mgeni amenawa vizuri kwa sabuni, halafu anaurudisha uchafu mikononi kwa taulo! Afadhali angepunga mikono hewani ikauke.

Taulo yenye unyevu ni nyumba ya vijidudu. Macho mekundu huhama kwa taulo kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwenzake. Choa pia. Upele huambukizwa zaidi kwa ngozi kugusana, hasa watoto wanaolala pamoja, lakini nguo na taulo zinasaidia kuubeba. Vijidudu vyake vikiwa nje ya mwili haviishi zaidi ya siku chache. Ndiyo maana upele ukiingia nyumbani, watu wote hutibiwa kwa pamoja, na siku hiyohiyo nguo, shuka na taulo hufuliwa kwa maji moto na kuanikwa juani. Ukimtibu mtoto mmoja peke yake, utarudi dispensari mwezi ujao.

Sasa mtatuuliza, taulo sita zitoke wapi? Hatusemi mnunue taulo sita mpya. Nendeni Kibuye siku ya Jumapili baada ya Misa, mtapata taulo za mitumba ambazo moja kubwa inaweza kukatwa mara mbili au mara nne na kupindwa ukingo. Leso iliyochakaa nayo inafaa sana, tena inakauka upesi kuliko taulo nene. Shoneni alama ya uzi: mwekundu wa Akinyi, kijani wa Otieno. Mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma jina lake, lakini rangi yake anaijua na atapigania!

Kisha kila taulo ipewe msumari wake. Hapa ndipo watu huharibu pesa. Kuna vyuma vya kutundikia taulo vinavyouzwa mjini, vinang'aa, vina skurubu nne. Ni vizuri kwa ukuta wa matofali na saruji. Ukuta wa udongo hauzishiki skurubu. Utakiweka leo, watoto watavuta taulo kesho, na keshokutwa chuma kiko chini pamoja na bonge la udongo uliokandikwa kwa taabu. Vile vya bei rahisi tena hupata kutu mapema ndani ya nyumba yenye unyevu, na kutu haitoki kwenye kitambaa.

Kwa nyumba ya udongo fanyeni hivi. Mtafute nguzo iliyo ndani ya ukuta (gongeni kwa vidole, mtasikia sauti inabadilika). Pigilieni ubao mwembamba kutoka nguzo moja hadi nyingine, misumari ishike mti, isishike udongo. Juu ya ubao huo pigeni misumari mirefu kwa kuielekeza juu kidogo, mmoja mpaka mwingine upana wa mkono uliokunjuliwa, ili taulo zisigusane. Ubao wa watoto uwe kimo cha mabega yao. Mkiuweka juu, mtoto hataufikia, na taulo itarudi kwenye kiti.

Kama hamna ubao, fito moja laini iliyoambuliwa maganda, ikafungwa kwa kamba mbili za katani kutoka kwenye boriti, inatosha kabisa. Tumeziona nyingi hizi na tunazipenda. Hewa inapita pande zote mbili, na gharama yake ni kamba tu.

Lakini ndani ya nyumba ni pa kutundikia usiku. Mchana taulo zitoke nje kwenye kamba. Si kwenye ua wa miiba, wala juu ya majani ambapo kuku wamepita. Jua la Ziwa mnalijua, saa mbili tatu taulo imekauka kama biskuti. Neti ya mbu ndiyo peke yake isiyotaka jua kali: ifuliwe taratibu na kuanikwa kivulini, kwa maana jua hupunguza nguvu ya dawa. Na kwa vile tumeitaja, jamani, neti si ya kuanikia omena.

KICHANJA CHA VYOMBO

Kichanja kila mtu anakijua, maana watu wa afya wamekihubiri kwa miaka mingi. Basi hatutakaa sana hapo. Kiwe kimo cha kiuno au zaidi ili mbwa na kuku wasifike. Kiwe mahali pa jua, mbali na choo na zizi. Fito za juu ziachane kidole kimoja, maji yatiririke. Vyombo vilazwe kifudifudi.

Jambo linalowashinda watu ni mchwa. Nguzo za mkaratusi mchanga usiotiwa dawa huliwa upesi, na kichanja kinalala kwa magoti kabla mwaka haujaisha. Kama mna siala shambani, tumieni siala, ni mti unaovumilia mchwa na kila mzee anaujua. Vinginevyo mwenye nyumba akague nguzo kila wiki na kukwangua njia za udongo za mchwa mara azionapo. Ni kazi ya dakika mbili.

Vyombo vikikauka viingizwe ndani jioni. Hapa mnahitaji rafu. Wanaoishi karibu na Dunga wanajua mafunjo, yaani togo, yanavyosukwa mikeka na vikapu. Vikapu viwili vya kutundikwa ukutani vinafanya kazi ya kabati, kimoja cha vijiko, kingine cha vikombe. Siku hizi hata gugumaji lililotuvamia ziwani tangu karibu mwaka 1990 linasukwa viti na vikapu hapa Kisumu. Ukinunua cha gugumaji, kinuse kwanza. Kama shina halikukaushwa sawasawa kitaota ukungu, na kapu la ukungu si la kuwekea vikombe.

SAHANI ZA KIKUNDI

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo hasa limetufanya tuandike somo hili. Vikundi vyenu vingi vina sahani, vikombe, masufuria makubwa, pengine na viti na tenti. Mnakodisha kwenye harusi, kwenye kipaimara, na zaidi ya yote kwenye matanga. Ni mradi mzuri. Umesomesha watoto na umejaza sanduku la kikundi. Lakini tumewahi kuona sahani za kikundi zikirudi kutoka matangani usiku, zimeoshwa kwa maji ya beseni moja, zimefutwa kwa kitambaa kimoja kilichofuta mia mbili nyingine, zikafungwa ndani ya gunia zikiwa bado mbichi, na gunia likawekwa sakafuni karibu na mbuzi. Jumamosi inayofuata gunia linabebwa kwenye boma lingine.

Tukumbushane. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, kipindupindu kilipita katika mkoa wa Nyanza wa wakati ule. Hospitali zililaza wagonjwa 14,275, na waliofariki walikuwa 547. Wataalamu waliochunguza njia za ugonjwa ule waliona hatari iko zaidi kwa waliokunywa maji ya Ziwa au ya mito, kwa waliokula pamoja na mtu anayeharisha, na kwa waliohudhuria karamu za matanga. Matangani ni chakula cha wengi, maji ya pipa moja, mikono mingi. Sahani zenu ziko katikati ya hayo yote.

Hatusemi watu waache kuzika kwa heshima. Mjaluo hawezi kuambiwa hivyo, na wala Kanisa halisemi hivyo. Tunasema kikundi kinachopokea pesa ya sahani kina deni kwa wale watakaokula juu yake.

Kwa hiyo kila kikundi kijitengenezee kichanja kikubwa nyumbani kwa mweka vyombo, chenye urefu wa kulaza sahani zote kwa zamu mbili. Zinaporudi, hata kama zilioshwa huko, zioshwe tena kwa sabuni, zisuuzwe kwa maji safi yaliyotiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa, na zikauke zenyewe juani. Kitambaa cha kufutia kiachwe kabisa. Zikishakauka, zihesabiwe. Kuhesabu sahani zikiwa kwenye kichanja ni rahisi, kumi kumi kwa mstari, kila mtu anaona. Zikiwa ndani ya gunia ndipo ugomvi unapozaliwa: vijiko kumi na viwili vimepotea, nani alikuwa wa mwisho, na kikundi kilichokaa miaka minane kinavunjika kwa ajili ya vijiko. Mnatikisa vichwa, maana mnavijua vikundi hivyo.

Baada ya kuhesabu, ziwekwe kwenye sanduku la mbao lenye kifuniko, lililoinuliwa kwa mawe. Ada ya kukodisha iongezwe kidogo kwa sabuni na klorini. Wafiwa hawatakataa mkiwaeleza sababu.

MTUNGI

Mtungi wa udongo unapoza maji vizuri kuliko ndoo, tunaupenda. Ubaya wake ni mdomo mpana, kila mkono unaingia na kikombe. Mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, CARE Kenya walifanya kazi na wafinyanzi wanawake wa upande wa Homa Bay kutengeneza mitungi yenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba chini. Ukiupata wa aina hiyo, mtengenezee kibao imara cha kimo cha goti ili kikombe kiingie chini ya bomba. Kama una mtungi wa zamani, kata yenye mpini mrefu itundikwe kwenye msumari wake, isiachwe juu ya kifuniko, na hakuna kikombe kingine kinachoingia humo.

CHUPA YA SODA

Mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda, chini ya meza. Hili tunaliona mpaka leo, hata katika nyumba za walimu. Mtoto wa miaka miwili ana kiu, anaijua chupa ile, alipewa soda Krismasi. Anakunywa. Dawa ya kunyunyizia ng'ombe na mboga nayo ni hivyohivyo.

Mafuta ya taa yawe kwenye kibuyu cha plastiki chenye kifuniko cha kukaza, kisichofanana na kitu cha kinywaji. Dawa za shamba zibaki kwenye chombo chake chenye maandishi. Vyote vipande juu, kwenye rafu ya kimo cha mtu mzima, mbali na moto na mbali na unga, penye kisanduku chenye komeo ikiwezekana. Ikitokea mtoto amekunywa mafuta ya taa, msimtapishe. Msimpe maziwa wala mafuta ya kula ili atapike. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Mvueni nguo zilizolowa mafuta, mkimbizeni hospitali, na mchukue ile chupa mkamwonyeshe daktari.

Juu zaidi ya hapo, kwenye boriti, wekeni mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri: kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo, hati ya shamba. Watu wa Nyando na wa kando ya Ziwa wanajua kwa nini. Mwaka 2020 Ziwa lilipopanda, maji yaliingia nyumbani na hayakubisha hodi.

KAZI YA KIKUNDI

Msiondoke na somo hili kichwani tu. Fanyeni kama mnavyofanya mchango wa mzunguko. Mkutano ujao kila mmoja alete fito nne na misumari kumi, na baba mmoja au kijana anayejua nyundo aalikwe. Mwanamume akipigilia ubao wa taulo nyumbani kwake mwenyewe, hata kuitumia ataitumia. Anzeni na nyumba ya mjane au ya mzee asiye na wa kumsaidia, kisha ya mweka vyombo, kisha mpige kura kwa zilizobaki. Nyumba mbili kwa mkutano mmoja zinawezekana.

Kabla ya kuanza, jadilianeni haya:

Nyumbani kwetu watu wangapi wanatumia taulo moja? Semeni ukweli, hakuna anayecheka.

Sahani za kikundi zililala wapi baada ya matanga ya mwisho?

Chupa ya mafuta ya taa iko wapi saa hii tunapoongea, na nani amebaki nyumbani na watoto?

Kama swali la tatu limemfanya mtu asimame aende nyumbani kuangalia, mwacheni aende. Mkutano utamngoja.