Mikwaruzo ya Parabrizi ya Pikipiki



Kila mtu aliyepita barabara ya taifa namba 2 kati ya Butembo na Beni anajua vumbi yake. Jua likiwaka ni vumbi, mvua ikinyesha ni matope, na vyote viwili vinaishia kwenye parabrizi ya pikipiki. Motari akisimama anafanya nini? Anakamata kitambaa kikavu, ao mkono wa koti lake, anapangusa. Hapo ndipo parabrizi inaharibika. Ndani ya vumbi muko punje za kwatzi, jiwe linaloweza kukwaruza hata kioo cha dirisha, sembuse plastiki! Lazima kumwaga maji mengi kwanza, vumbi iteremke yenyewe, kisha kupitisha sabuni kwa mkono mwepesi.

Mchana shida haionekani sana. Lakini usiku, lori linalotoka Kasindi likileta taa zake mbele, kila mkwaruzo unashika mwangaza na kuutawanya. Motari anaona weupe tu, na mama anayetembea kandokando na mzigo mgongoni hamuoni. Wengi wetu tunapanda nyuma ya huyo motari, kwa hiyo jambo hili ni letu pia.

Sasa tujue mkwaruzo ni kitu gani. Si uchafu, ni mfereji, mahali plastiki imeondoka. Jaribuni hivi: mwageni maji juu ya parabrizi yenye mikwaruzo. Mingi inapotea! Ikikauka, inarudi. Sababu ni kwamba nuru inapinda ikitoka hewani kuingia ndani ya plastiki. Kipimo cha kupinda kwa hewa ni 1, kwa maji 1,33, kwa plastiki ya akriliki 1,49. Maji yakijaza mfereji, tofauti inapunguka na nuru inapita karibu sawasawa. Nta ya kung'arisha magari inafanya kazi ileile na inakaa siku kadhaa, lakini haiponyeshi kitu.

Kuponyesha kabisa ni kuteremsha plastiki ya pembeni mpaka ilingane na chini ya mfereji. Pitisha ukucha. Kama haukwami, dawa ya meno na kitambaa laini cha pamba vinaweza kutosha, ukisugua kwa uvumilivu. Ukucha ukikwama, tafuta msasa wa maji namba 800, halafu 1000, 1500 na 2000. Sugua pamoja na maji ya sabuni, na kila ukibadili namba badili upande wa kusugua, ndipo utaona kama alama za msasa wa kwanza zimeisha. Parabrizi itakuwa nyeupe sawa maziwa. Usiogope, iko hivyo. Mwisho ni pasta ya kung'arisha rangi ya gari, pole pole, kwa sababu plastiki ikipata moto inalainika. Tena usichimbe mahali pamoja tu: utatengeneza shimo linalopinda picha, na barabara itaonekana kama inacheza.

Kuna wanaosafisha kwa esansi. Hapana! Esansi inaingia ndani ya plastiki na kuleta nyufa ndogondogo ambazo hakuna msasa utakaoziondoa.

Kioo cha kofia ni habari nyingine. Mara nyingi ni polikaboneti, plastiki iliyogunduliwa mwaka 1953 katika kampuni ya Bayer, Ujerumani. Haivunjiki upesi, lakini inakwaruzika upesi, ndiyo maana wenye kuitengeneza wanaipaka ngozi ngumu juu. Ukiipiga msasa unatoa ile ngozi. Itang'aa leo, na baada ya muda mfupi itakuwa mbaya kuliko mwanzo, jua nalo litaifanya manjano. Kioo cha kofia kilichokwaruzika mbele ya macho kinabadilishwa tu. Na parabrizi yenye ufa unaotoka kwenye tundu la bulo, fundi anaweza kutoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, huku mwenye pikipiki akitafuta feza ya kununua nyingine.