UCHOVU WA MWALIMU MWISHONI MWA MWAKA

Mwaka wa shule huanza Januari, hufungwa Desemba. Kuanzia Septemba mpaka Novemba kuna mitihani ya taifa. Mwalimu hufundisha mchana na kusahihisha madaftari usiku.

Katika delta ya Rufiji kuna kazi zaidi. Mwalimu akitaka kwenda Kibiti, hungoja maji yajae ndipo apande mashua mpaka Nyamisati. Akirudi, siku zake za kupumzika zimekwisha.

Uchovu wa siku moja huisha kwa usingizi. Uchovu wa kazi wa muda mrefu hauishi hivyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili zake tatu: mtu huishiwa nguvu, huchoshwa na kazi yake, na hawezi tena kuifanya vizuri. Huo si uvivu. Nao watoto wetu hukosa masomo.

Mwalimu afanye nini?
1. Alale kwa muda wa saa 7 au 8 kila usiku.
2. Agawane na wenzake kazi ya kusahihisha.
3. Akiwa na homa, aende zahanati akapimwe malaria. Asidhani ni uchovu tu.

Sisi tufanye nini?
Zamani tulimpelekea mwalimu kila barua atusomee. Tulimwita jioni aandike habari za mkutano. Sasa tunajua kusoma na kuandika. Kazi hizo tuzifanye wenyewe, mwalimu apumzike.

Maswali
1. Mwalimu wa kijiji chako hupumzika siku gani?
2. Utampunguzia kazi gani?