Kupanga Upya Mafungu ya Diski: Mfano wa Majaruba ya Kilombero

Mkulima wa mpunga katika Bonde la Kilombero hahitaji kufundishwa maana ya kugawa eneo. Shamba lililo tambarare hukatwa kwa matuta madogo hata likawa majaruba, na kila jaruba hushika maji yake. Jaruba moja likionekana dogo na la jirani lake kubwa kupita kiasi, mkulima huweza kulibomoa tuta na kulijenga hatua kadhaa mbele. Lakini anajua pia kwamba tuta halihamishwi ovyo wakati mpunga umesimama mahali ambapo mstari mpya utapita. Hapana budi mpunga uhamishwe kwanza au uvunwe. Anayeishi Lumemo, pembezoni mwa mji wa Ifakara, ambako mto wenye jina hilo hufurika wakati wa masika, anajua zaidi ya hapo: kazi ya tuta haianzwi wakati wingu limekwisha kutanda juu ya milima ya Udzungwa.

Diski ya kompyuta nayo ni shamba la namna hiyo, na makala haya yanahusu kuyahamisha matuta yake.

Chukua mfano wa kubuni, ingawa hali yenyewe ni ya kawaida sana. Mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari huko Lumemo anatumia kompyuta iliyopokewa kama msaada. Ndani yake zimo alama za maendeleo za wanafunzi kwa miaka mitatu. Siku moja anapotaka kuhifadhi alama za muhula, kompyuta inakataa kwa kuwa diski imejaa. Akichunguza, anakuta kuna mafungu mawili. Fungu C lina gigabaiti 80, na zilizobaki wazi ni 2 tu. Fungu D lina gigabaiti 385, na zilizotumika ni 60. Shamba lote ni kubwa, lakini jaruba moja limefurika na la pili limekauka.

Mtu anaweza kuuliza: diski hiyo iliuzwa kwa jina la gigabaiti 500, mbona mafungu yote mawili yakijumlishwa ni 465? Hakuna kilichoibwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, lakini mifumo endeshi mingi huhesabu kwa vipeo vya mbili, yaani 1,024 × 1,024 × 1,024, ambayo ni baiti 1,073,741,824. Gawanya baiti bilioni 500 kwa namba hiyo, nawe utapata 465 na ushei. Ni vipimo viwili vyenye jina moja, jambo ambalo mwalimu wa fizikia angelikemea katika daftari la mwanafunzi wake.

Ili kuelewa tuta la diski ni nini hasa, yafaa kuanza na sahani yenyewe. Diski ya kwanza ya aina hii, IBM 350 ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zilizopakwa madini ya sumaku, na zote pamoja zilibeba herufi zipatazo milioni tano tu. Kanuni yake haijabadilika katika diski za sahani zinazotumika hadi leo: sahani huzunguka, na kichwa kidogo husoma na kuandika alama za sumaku katika njia za mviringo. Njia hizo hukatwa vipande vinavyoitwa sekta, na kwa miaka mingi sekta moja ilibeba baiti 512. Kila sekta ina namba yake. Kwa mfumo endeshi, diski nzima ni mstari mmoja mrefu wa sekta zenye namba.

Fungu, basi, ni kipande cha mstari huo. Hakuna ukuta wowote ndani ya diski. Mtu akiifungua hataona mahali C inapokoma na D inapoanza. Kilichopo ni maandishi tu. Katika mpango uliotumiwa na kompyuta ndogo za IBM tangu mwaka 1983, mwisho wa sekta ya kwanza una jedwali la baiti 64, lenye nafasi nne za baiti 16 kila moja. Kila nafasi hutaja mambo machache, na mawili makubwa ni haya: fungu linaanzia sekta namba ngapi, na lina sekta ngapi. Nafasi nne ziliwekwa ili mwenye kompyuta moja aweze kuwa na mifumo endeshi tofauti katika diski moja, kila mmoja katika jaruba lake.

Kwa kuwa namba ya sekta iliandikwa kwa biti 32, jedwali hilo haliwezi kuhesabu zaidi ya sekta 4,294,967,296. Zidisha kwa 512, na diski inakomea kwenye baiti trilioni 2.2. Ndiyo sababu kompyuta mpya hutumia jedwali la aina nyingine, liitwalo GPT, ambalo kwa kawaida lina nafasi 128, na nakala yake huwekwa mwishoni mwa diski ili moja ikiharibika nyingine isaidie.

Lakini jedwali hilo ni daftari la kwanza tu. Ndani ya kila fungu mna daftari la pili, nalo ni mfumo wa mafaili, unaoandika kila faili iko wapi. Mfumo huo hauhesabu sekta moja moja. Huzifunga pamoja katika vifurushi viitwavyo klasta, na faili hata ikiwa na herufi moja hupewa klasta nzima. Hapa ndipo mgawanyo wa diski unapogusa nafasi yenyewe, na Ifakara inatoa mfano unaofaa.

Mji huu ni makao ya kazi ya utafiti iliyoanzishwa katika miaka ya 1950 na Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, nayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1996 ulianza huko utaratibu wa kuandikisha watu wote wa vijiji 25 katika wilaya za Kilombero na Ulanga za wakati ule. Kaya zilitembelewa kila baada ya miezi minne, na waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama waliandikwa. Kumbukumbu kama hizo haziwezi kukusanywa upya zikipotea; mtoto aliyefariki mwezi fulani hatatembelewa tena. Basi tufikirie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba mtu wa mwaka ule angeweka kaya 10,000 katika mafaili 10,000, kila faili baiti 1,000. Jumla ya maandishi ni baiti milioni 10.

Mfumo wa mafaili uliotumika sana wakati huo uliitwa FAT16. Daftari lake liliweza kuhesabu klasta zisizofika 65,536 katika fungu moja. Fungu likiwa kubwa, njia pekee ya kulihesabu lote ilikuwa kukuza klasta. Fungu la karibu megabaiti 2,000 lilikuwa na klasta za baiti 32,768. Katika fungu hilo, mafaili yale 10,000 yangemeza baiti 327,680,000, yaani zaidi ya mara thelathini ya maandishi yaliyomo. Diski ile ile ikigawanywa katika mafungu ya chini ya megabaiti 256, klasta inakuwa baiti 4,096, na mafaili yale yanachukua baiti 40,960,000. Megabaiti zipatazo 273 zimekombolewa, na hakuna hata neno moja lililofutwa. Watu wengi walidhani kugawa diski ni suala la unadhifu. Ukweli ni kwamba matuta yenyewe yalikuwa yanaokoa nafasi.

Leo faida hiyo karibu imekwisha, kwa kuwa mifumo mipya ya mafaili hutumia klasta za baiti 4,096 hata katika mafungu makubwa. Kinachobaki ni tatizo la mwalimu wa Lumemo: nafasi ipo, lakini iko upande usiotakiwa.

Kabla ya kugusa tuta lolote, yafaa kupima. Aghalabu fungu lililojaa lina mafaili ya muda, takataka ambazo hazijamwagwa, na picha au filamu ambazo zingeweza kuhamishiwa D kwa kunakili tu. Kufanya kazi ya hatari ili kukwepa kazi ya kufagia si busara. Ikiwa baada ya kufagia C bado imebanwa, ndipo mafungu yapangwe upya.

Hapo pana kanuni moja ya mpangilio ambayo mwanafunzi akiielewa ameelewa somo zima. Madaftari ni mawili, jedwali la diski na mfumo wa mafaili, na hayana budi kukubaliana. Fungu linapopunguzwa, mfumo wa mafaili hutangulia: mafaili yaliyo katika eneo litakalokatwa huhamishwa, mfumo unaandika mpaka wake mpya, kisha jedwali hurekebishwa. Fungu linapoongezwa, mambo hugeuka: jedwali hurekebishwa kwanza, kisha mfumo wa mafaili hutanuliwa ujaze eneo jipya. Katika kupunguza, mpunga huhamishwa kabla ya tuta; katika kuongeza, tuta huhamishwa kabla ya kupanda. Anayebadili mpangilio huo huacha mafaili nje ya mpaka, ambako fungu jingine litayaandika juu bila kujua.

Sasa mwalimu anataka kuchukua gigabaiti 120 kutoka D, ili C iwe na 200 na D ibaki na 265. Anatumia chombo cha kupunguza mafungu kilichomo katika Windows, nacho kinafanya kazi bila shida. Kisha anajaribu kuipanua C, na chombo kinakataa. Kwa nini? Kwa sababu D ilipunguzwa kutoka mwisho wake. Eneo lililoachwa wazi liko baada ya D, na C inaweza kupanuka tu kuelekea eneo linalogusana nayo. Mkulima amepata ardhi, lakini ng'ambo ya shamba la jirani. (Mara nyingine kati ya C na D huwa pia pana fungu dogo la uokoaji lililowekwa na mtengenezaji, nalo huzuia njia vile vile. Lisifutwe kwa haraka.)

Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kutumia programu inayoweza kuisukuma D nzima kuelekea mwisho wa diski, kama GParted, ambayo ni ya bure. Tatizo ni muda. Kichwa cha diski kinasoma hapa na kuandika kule, kinakwenda na kurudi. Tuseme kasi yake ni megabaiti 20 kwa sekunde. Programu inayohamisha fungu lote, pamoja na sehemu tupu, italazimika kupitisha megabaiti 271,360. Hiyo ni sekunde 13,568, yaani saa tatu na dakika 46. Muda huo wote D si ya mahali pa zamani wala pa mahali papya. Umeme ukikatika katikati, jedwali litasema jambo moja na sekta zitasema jingine. Kidatu, chenye megawati 204, kiko kaskazini mwa Ifakara, na Kihansi, chenye megawati 180, kiko kusini magharibi; lakini kukaa kati ya mitambo miwili mikubwa hakumhakikishii mtu kwamba nguzo iliyo mtaani kwake haitaanguka. Kazi hii ifanywe kwa kompyuta yenye betri nzima, au isifanywe.

Njia ya pili haina ufundi mwingi, na kwa shule ndiyo inayofaa. Gigabaiti 60 za D zinakiliwe kwenye diski ya nje. Mafaili kadhaa yafunguliwe kutoka huko na kusomwa, kwani nakala isiyofunguliwa haijathibitika kuwa nakala. Kisha D ifutwe, C ipanuliwe, D mpya iundwe na kupewa herufi ile ile ya zamani, na mafaili yarudishwe. Ikiwa diski imefungwa kwa maandishi ya siri, ufunguo wake wa uokoaji uandikwe karatasini kabla ya yote.

Lakini msomaji makini ataona pengo. D inapofutwa, nakala pekee iliyobaki ni ile ya diski ya nje, na diski ya nje huanguka kutoka mezani. Kwa hiyo alama za wanafunzi, ambazo pengine hazizidi megabaiti chache, ziwekwe pia mahali pa tatu. Na nakala ya C iliyowekwa ndani ya D, au ya D ndani ya C, isihesabiwe kabisa. Walimu wengi hufanya hivyo wakidhani wamejikinga. Mafungu mawili ya diski moja yanategemea mota moja na kichwa kimoja. Gharika ikiingia shambani haichagui jaruba.

Katika diski mpya zisizo na sahani, zinazohifadhi kwa chipu, kanuni za madaftari mawili ni zile zile, ila hakuna kichwa cha kwenda na kurudi, na kazi ya saa tatu huweza kuisha kwa dakika chache.

Zoezi

1. Fungu la FAT16 lina klasta za baiti 8,192. Mafaili 6,000 ya baiti 2,500 kila moja yatachukua baiti ngapi, na ngapi kati ya hizo ni nafasi iliyopotea?

2. Mwalimu wa Lumemo anahamisha gigabaiti 60 tu kwenda diski ya nje kwa megabaiti 25 kwa sekunde, kisha anazirudisha kwa kasi hiyo hiyo. Linganisha muda wake na ule wa kuisukuma D nzima. Umeme ukikatika wakati wa kunakili kwenda nje, ni nini kinachopotea? Na ukikatika wakati wa kurudisha?