Jumanne: Zaidi ya Karatasi na Wino

Soma 2 Yohana 12 na 3 Yohana 13, 14. Kwa nini Yohana, aliyekuwa na mengi ya kuandika, aliamua kuyaweka mpaka aonane na ndugu zake uso kwa uso?

Barua hizi ndizo fupi kuliko zote katika Agano Jipya. Yohana hakuudharau wino, alikuwa akiutumia. Lakini furaha iliyo kamili aliiweka upande wa kuonana.

Vijana wengi leo hupata riziki kwa wino wa namna nyingine. Mfikirie kijana wa Nairobi anayewahudumia wateja wa New York kwa njia ya intaneti. Kule ikiwa saa tatu asubuhi, kwake ni saa kumi au kumi na moja jioni, kutegemea majira ya mwaka. Huanza kazi majirani wanaporudi, akamaliza usiku wa manane. Ameandikiana na watu wengi, wala hakuna aliyemwuliza kama amekula. Ijumaa jua linapotua, New York bado ni asubuhi. Ruhusa ya Sabato anaiomba kwa msimamizi ambaye hajapata kumwona. Akiipata, huja kanisani, huketi nyuma, na baada ya baraka huondoka kimya.

Hayuko peke yake katika hali hiyo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke, na vijana ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi.

Soma Matendo 18:1-5. Paulo alifika Korintho bila Sila na Timotheo. Ni nini kilichomwunganisha na Akila na Prisila?

Ilikuwa kazi. Luka anataja ufundi wa mahema kabla ya kutaja mahubiri yoyote ya Paulo mjini humo. Walikaa nyumba moja, wakashona pamoja. Urafiki uliowafanya baadaye kuhatarisha maisha yao kwa ajili yake (Warumi 16:3, 4) ulianzia hapo. Kwa hiyo haitoshi kumwambia kijana mpweke aombe zaidi. Paulo alikuwa mtu wa maombi, na bado alimsihi Timotheo aje kabla ya majira ya baridi (2 Timotheo 4:21).

Anayefanya kazi usiku huwa na nafasi mchana, wakati rika lake liko kazini. Lakini wazee wastaafu wa kanisa wako nyumbani mchana huo huo, nao mara nyingi hula peke yao.

Katika darasa lenu, ni nani afanyaye kazi peke yake chumbani? Ni nyumba gani iliyo karibu naye inayoweza kumkaribisha mezani juma hili, na ni nani atakayekwenda kumwita kwa miguu badala ya kumtumia ujumbe?