Chanda Kwanza, Pete Baadaye: Mafunzo Sita Niliyopata

Miaka mitatu iliyopita nilimvisha mchumba wangu pete mbele ya ndugu zake, vigelegele vikapigwa. Wiki mbili baadaye pete ile ilikuwa ndani ya pochi yake, imeviringishwa kwenye kitambaa. Hakuwa amenichoka, pete ndiyo haikuvalika. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Tazama mkono kabla ya kutazama jiwe
Mchumba wangu ni muuguzi. Zamu nzima ni kuvaa glavu, kuvua, kunawa, kuvaa tena. Mimi nikamnunulia pete yenye tanzanaiti iliyonyanyuka juu, imeshikwa na kucha nne za dhahabu. Kucha zile zilichana glavu, na chini ya jiwe povu la sabuni likaganda. Nilichagua pete ya kupigia picha, nikasahau mkono utakaoivaa.

2. Jiwe zuri si lazima liwe gumu
Tanzanaiti niliipenda kwa kuwa ni yetu: duniani kote inachimbwa Mererani tu, wilayani Simanjiro, na ilianza kujulikana mwaka 1967. Igeuzegeuze juani uone bluu inavyohamia zambarau. Lakini kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi imepewa 10, tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Kwenye hereni au kidani haina shida. Kidoleni, hasa kidole kinachogonga vitanda vya chuma kutwa, itakwaruzika. Muuzaji hakuniambia, nami sikumwuliza.

3. Usikisie ukubwa wa kidole
Nilimwomba shemeji aniibie pete moja ya dada yake nikapimie. Akaniletea, kumbe ilikuwa ya kidole cha kati! Siku ya kuvishana, pete ilicheza kama bangili, na kwenye picha nyingi jiwe limegeukia kiganjani. Pima kidole chenyewe, tena jioni, maana joto hukivimbisha na baridi ya asubuhi hukisinyaza. Hakikisha pete inapita kwenye kifundo bila kulazimishwa.

4. Soma muhuri wa ndani
Nilipeleka pete kwa sonara mmoja mzee, Kariakoo. Akaweka lenzi jichoni, akatazama upande wa ndani, akacheka. "Kijana, dhahabu hukuibiwa. Ila hii si pete ya mtu wa kazi." Muhuri ulisomeka 750, yaani sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu: karati 18. Ukiona 375, hiyo ni karati 9. Dhahabu tupu ni karati 24, lakini ni laini mno kwa pete ya kila siku. Dai muhuri, dai na risiti yenye uzito.

5. Bei usipangiwe na matangazo
Niliwahi kusikia kwamba pete ya uchumba igharimu mshahara wa miezi miwili, nikakopa ili nitimize. Baadaye nikajua kanuni hiyo haikutoka kwa wazee wa popote. Ilienezwa na matangazo ya De Beers, wauza almasi, Marekani ya miaka ya 1980. Deni lilikuwa bado bichi mahari ilipotajwa, na baada ya mahari kuna kamati ya harusi. Pete ndiyo gharama ya kwanza tu.

6. Mwulize mwenye kidole
Nilidhani kumwuliza kutaharibu utamu. Siku ya kumvisha inaweza kubaki siri. Pete yenyewe si lazima. Safari ya pili tulikwenda wote. Sonara akamwuliza anataka nini, naye hakusita: "Pete bapa, Mzee, isiyo na jiwe, nisiwe naivua kila saa." Dhahabu ileile ikayeyushwa, kidole kikapimwa kwa pete za vipimo, na jiwe likatengenezewa kidani anachokivaa tukienda kanisani.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, na walianza na chanda. Mimi nilianza na pete, nikalipa ufundi mara mbili. Ndugu yangu unayejiandaa, kabla hujaingia kwa sonara, jiulize mkono ule unafanya kazi gani kutwa nzima. Usipojua, mwulize mwenyewe.