Kristu Mfufuka na Alama za Misumari: Somo la Vikundi

Wapendwa wanavikundi, somo letu safari hii ni juu ya ufufuko. Mmoja wenu alisome kwa sauti, sehemu kwa sehemu, halafu mzungumze. Msiharakishe. Likichukua mikutano miwili, ni sawa tu.

Najua kuna atakayeuliza: ufufuko na kikundi chetu cha viazi vinahusiana wapi? Si hayo ni mambo ya siku ya mazishi? Haya, tuanze na jambo lililotokea.

1. TUANGALIE MAISHA YETU

Mwaka 2012 niliitwa kusaidia kikundi cha akina mama upande wa Molo. Sitataja kijiji wala kabila la mtu, maana kila jamii ina hadithi kama hii. Walikuwa na sanduku la akiba lenye kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake, ili lisifunguliwe mpaka wote watatu wawepo. Mpango mzuri. Lakini funguo zote tatu zilishikwa na watu wa jamii moja. Wengine walipouliza, waliambiwa, "Kwani hamtuamini?" Wakanyamaza. Kisha wakaanza kuacha kuja, mmoja mmoja.

Mimi nilikosea. Nilidhani shida ni hesabu, nikafundisha siku nzima juu ya daftari, mikopo na riba. Waliitikia vizuri. Jioni tukinywa chai, mama mmoja mzee akasema polepole: "Mwalimu, shida yetu si hesabu. Mwaka 2008 ng'ombe wangu alichukuliwa. Nilipotoka kambini nikamwona kwa boma la jirani. Huyo jirani yuko hapa. Kila siku nikienda kuchota maji naona ndama za yule ng'ombe."

Kimya. Halafu yule jirani akajibu: "Na mimi kijana wangu alikatwa mkono mwaka huo huo. Mpaka leo hashiki jembe. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza anaendeleaje."

Kumbe hawa wawili walikuwa wameketi benchi moja miaka mitatu, wakisali na kuzungushiana pesa, na hakuna aliyejua mwenzake amebeba nini.

2. TULIKOTOKA

Vijana wengine hawajui, kwa hivyo tukumbushane. Ghasia zilizoanza Nandi mwezi wa Oktoba 1991 zilifika Molo na Olenguruone mwaka 1992. Wakati huo mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Januari 1998 zikafika Njoro. Zikaja tena baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia hizo za mwisho, na mamia ya maelfu walihama makwao. Wengi wetu tunakumbuka mahema pale uwanja wa maonyesho Nakuru.

Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeongoza Jimbo la Nakuru tangu 1971 hadi 1996, alisema wazi wazi juu ya ghasia za miaka ya tisini, hata wakubwa walipochukia. Lakini huku vijijini kila mara tuliambiana: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri mtu akikanyaga mahindi yako. Lakini mkono uliokatwa kwa panga ni ndwele. Nyumba iliyochomwa ni ndwele.

Ninyi wakulima wa viazi mnaujua ugonjwa wa mnyauko. Mmea unanyauka ukiwa bado kijani. Ukikata kiazi unaona pete ya kahawia na usaha unatoka. Je, ukifukia mmea huo shambani na kupanda viazi vingine juu, umepona? Hapana. Ugonjwa hukaa udongoni miaka, husafiri na maji ya mvua na jembe ulilomwazima jirani. Ndivyo lilivyo jeraha lililofunikwa. Linangoja mwaka wa uchaguzi.

3. TUSIKILIZE NENO LA MUNGU

Fungueni Yohane 20:19-29. Someni mara mbili, kwa wasomaji wawili tofauti. Kisha tuangalie mambo manne.

(a) Milango ilikuwa imefungwa kwa sababu ya hofu. Hata mitume walikuwa na kufuli zao! Yesu hakuwagombeza. Aliingia, akasimama katikati yao, akawatakia amani.

(b) Mara baada ya salamu aliwaonyesha mikono na ubavu. Hapa tusimame kidogo. Mungu aliyemfufua Mwanawe angeshindwa kufuta alama za misumari? Hangeshindwa. Lakini mwili uliofufuka ulibaki na alama zake. Ufufuko haukufanya Ijumaa Kuu iwe kama haikutokea. Jeraha liko, ila haliui tena.

(c) Hakuonyesha majeraha ili kudai kisasi. Hao aliowaonyesha ndio waliomkimbia, na Petro alikuwa amemkana mara tatu. Hakusema, "Tazameni mlivyonitenda, sasa mtalipa." Aliwapa Roho Mtakatifu na kazi ya kusamehe dhambi.

(d) Tomaso hakuwepo mara ya kwanza, na alikataa kuamini. Lakini baada ya siku nane tunamkuta bado yuko pamoja na wenzake. Hawakumfuta jina kwa daftari! Na Yesu alirudi, akamwonyesha kile alichotaka kuona.

Kanisa letu linayakumbuka haya kila mwaka. Katika mkesha wa Pasaka, mshumaa mkubwa huandikwa tarakimu za mwaka tulio nao, na huwekwa punje tano za ubani, alama ya majeraha matano ya Bwana. Majeraha na mwaka wetu vinakaa kwenye mshumaa mmoja, na juu yake kuna mwanga.

4. MAANA YAKE KWETU

Ziko njia mbili za kupotea. Ya kwanza ni kuficha jeraha na kujifanya tumepona. Ya pili ni kulifunua kila siku ili kuwasha moto upya, kama wanavyofanya wanasiasa wengine kura zikikaribia. Anayemwamini Kristu Mfufuka ana njia ya tatu: kuonyesha jeraha kwa amani, mbele ya jirani, bila panga mkononi.

Na wale waliouawa je? Tunakiri ufufuko wa wafu. Maana yake muuaji hana neno la mwisho juu yao. Wako kwa Mungu, na Mungu hajasahau hata mmoja. Kwa hiyo hawahitaji sisi tuue mtu kwa niaba yao. Wanachohitaji kwetu ni sala na ukweli.

Msamaha nao usitumiwe kumnyamazisha aliyeumizwa. Aliyechukua ng'ombe bado ana deni. Zakayo alipokutana na Yesu alisema atarudisha mara nne (Luka 19:8).

5. TUFANYE NINI?

- Angalieni funguo. Mwenyekiti, karani, mweka hazina na wenye funguo za sanduku wasitoke upande mmoja.
- Tengeni siku ya kusikilizana. Kila mtu aseme lililompata yeye mwenyewe, si lililotendwa na "kabila lile." Mwingine asijibu, asibishane. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Majeraha mengine yanahitaji kwanza mtu mmoja wa kuaminika.
- Msigeuze kikundi kuwa mahakama. Mauaji na ubakaji ni mambo ya polisi na korti. Mali ndogo ndogo mnaweza kuwaita wazee wa pande zote wakae.
- Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, andikeni majina ya waliouawa wa jamii zote kwenye karatasi moja, mpeleke kwa Misa. Karatasi moja, si mbili.
- Mtembeleeni aliyeacha kuja. Msimfute kama hamjafika kwake.

6. MASWALI YA KUJADILI

1. Ni milango gani tumeifunga katika kikundi chetu kwa sababu ya hofu?
2. Ni jeraha gani hapa kijijini ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema?
3. Nani ni Tomaso wetu? Nani atamwendea, na lini?
4. Kuna kitu tunapaswa kurudisha?

Mtauliza kile kikundi kiliishia wapi. Siku ile hawakukumbatiana. Waliomba wapewe wiki mbili. Waliporudi waligawa funguo upya, na mmoja akapewa yule mama mzee. Mama wa ng'ombe alienda kumsalimia yule kijana, akamkuta na jirani yake jikoni, wakanywa chai. Wiki ya uchaguzi wa Machi 2013 kikundi kilikutana kama kawaida. Ng'ombe hakurudi. Nilipomuuliza yule mama, aliniambia: "Sijalipwa. Lakini sasa anajua kwamba ninajua, na asubuhi ananisalimia. Zamani alikuwa anageuza uso."

Mimi naona hapo Pasaka imeanza, ingawa haijamalizika.

Tumalizie kwa kusimama na kushikana mikono. Mmoja aombe kwa maneno yake mwenyewe, awataje walioumizwa kijijini na waliowaumiza.